Je, mwenye deni aende likizo?

Msomaji mmoja ameniandikia barua ndefu ambayo nitaifupisha hivi. Ana mkopo wa benki wa miaka 3 ambao ameulipa nusu, ana deni la kadi ya mkopo ambalo huvimba kila baada ya msimu wa sikukuu na kunywea kidogo kabla ya msimu unaofuata, na ana deni dogo kwa rafiki yake wa karibu, lisilo na riba wala tarehe. Marejesho ya benki na ya kadi anayalipa kwa wakati. Likizo yake ya mwaka inakaribia, familia inasubiri safari, na yeye anauliza mambo matatu: kama mtu mwenye deni ana haki ya kutumia fedha kwa mapumziko, kwa nini kila mwaka anaapa kwamba hatakopa tena kwa ajili ya sikukuu na kila mwaka anakopa, na katika madeni yake alipe lipi kwanza.

Swali la kwanza nalijibu kwa ndiyo yenye sharti. Mwenye deni anayelipa marejesho yake kwa wakati anaweza kwenda likizo, mradi likizo hiyo iwe imekwisha kulipwa siku anapofunga mizigo, kwa fedha ambazo hakuzikopa popote na hakuzichomoa katika rejesho la deni lolote. Umbali wa safari na idadi ya siku vitaamuliwa na kiasi kilichomo katika akiba hiyo, hata kama kitatosha siku mbili tu mahali pa karibu. Wapo washauri wa fedha wanaokwenda mbali zaidi na kusema kwamba mdaiwa asijiburudishe kwa senti hata moja mpaka deni la mwisho lifutike. Sikubaliani nao, na sababu yangu haitokani na huruma. Mkopo wa benki wa msomaji huyu umebakiza mwaka mmoja na nusu, na deni la kadi, kwa namna analivyolielezea, halitakwisha mapema kuliko hapo. Mpango unaomtaka mtu mwenye familia aishi kama mfungwa kwa miezi 18 huvunjika kabla ya muda wake, na unapovunjika hauvunjiki kwa kiasi, kwa sababu mtu aliyejinyima muda mrefu hununua kwa hasira, na manunuzi ya siku hiyo moja humeza yote aliyoyaokoa.

Isitoshe, kupumzika si zawadi ya wale waliomaliza kulipa. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wake wa kwanza kuhusu likizo yenye malipo mwaka 1936, likitaka mfanyakazi apate angalau siku 6 za kazi kila mwaka, na mwaka 1970 likapitisha Mkataba namba 132, uliopandisha kima hicho hadi wiki 3. Sharti kwamba mfanyakazi awe hadaiwi halimo katika mkataba wowote kati ya hiyo miwili. Hata hivyo, ni vizuri kutazama kile hasa kinachotolewa humo: ni muda wa kutokuwa kazini pamoja na mshahara wa kawaida, basi. Safari, nyumba ya wageni na nguo mpya ni vitu tulivyoviongeza wenyewe juu ya muda huo, na mdaiwa anapopunguza likizo yake hupunguza nyongeza hizo tu. Siku zake za kupumzika zinabaki palepale.

Sasa nije kwenye swali la pili, ambalo kwangu ndilo zito kuliko mengine. Msomaji anajilaumu kwamba hana nidhamu. Nilipoisoma barua yake mara ya pili niliona mtu anayelipa madeni mawili kila mwezi bila kuchelewa, na mtu wa namna hiyo nidhamu anayo. Kasoro iko katika bajeti yake, ambayo ni ya mwezi, ilhali maisha yake ni ya mwaka. Katika bajeti ya mwezi kuna kodi ya nyumba, chakula, nauli na marejesho, na vyote hivyo hurudi kila baada ya siku 30. Sikukuu hairudi baada ya siku 30, kwa hiyo haimo. Haimo mwezi wa pili, haimo wa tatu, haimo wa nane, kisha inafika mwezi mmoja ikiwa imebeba gharama ya mwaka mzima, na yeye anaipokea kama watu wanavyopokea ajali. Sikukuu nyingi zimo katika kalenda tangu mwaka unapoanza, na zile zinazotegemea mwandamo wa mwezi hazipishani na makadirio kwa zaidi ya siku moja au mbili. Kuliita jambo kama hilo dharura ni kujidanganya, ingawa kusema kweli ni udanganyifu unaofanywa hata na watu wanaofundisha hesabu.

Namshauri achukue taarifa za akaunti zake za miezi 12 iliyopita, apite mstari kwa mstari, na aandike kando kila matumizi ambayo hayakutokea kila mwezi: sikukuu, safari, ada, bima, michango ya harusi na misiba, nguo za msimu, matengenezo ya gari au ya nyumba. Ajumlishe, kisha agawanye kwa 12. Tarakimu atakayoipata ndiyo gharama ya kila mwezi ambayo bajeti yake haijawahi kuikiri, na mara nyingi huwa karibu sana na pengo ambalo kadi ya mkopo imekuwa ikiliziba. Wengine hugundua jambo lisilopendeza zaidi, kwamba hata miezi ya kawaida walikuwa wanatumia kidogo zaidi ya wanachopata, na kwamba sikukuu ilikuwa ni mahali tu ambapo upungufu wa miezi yote ulionekana kwa mara moja. Ikiwa ndivyo ilivyo kwake, kufuta safari hakutamsaidia kitu, na itambidi apunguze gharama za kudumu, ambazo ni ngumu zaidi kupunguza na hazimpi mtu sifa mbele ya wengine.

Upo pia upande wa nafsi. Mwaka 1998 watafiti wawili, Drazen Prelec na George Loewenstein, walichapisha utafiti ambao ndani yake waliwauliza watu kuhusu ununuzi wa aina mbili wenye bei ileile ya dola 1,200. Mmoja ulikuwa mashine ya kufulia na mwingine likizo ya wiki moja katika visiwa vya Karibea, na kila mmoja ungelipwa kwa awamu 6 za dola 200, ama kabla ya kupata kitu chenyewe ama baada yake. Kwa hesabu tupu za kiuchumi, kulipa baadaye bila riba ni bora daima. Wengi walichagua hivyo kwa mashine, lakini kwa likizo wengi walichagua kulipa kabla. Maelezo ya watafiti yanaeleweka kwa yeyote aliyewahi kulipia kitu kilichokwisha: mashine inaendelea kufua huku ukiilipia, kwa hiyo kila awamu ina faida ya kuitazama, wakati likizo iliyopita haina cha kuweka mbele ya malipo yake isipokuwa picha. Likizo iliyolipwa mapema, kwa upande wake, huonekana kana kwamba ni ya bure siku unapokuwa ndani yake.

Ninachokiona hapa ni kwamba watu wanajua tayari ni ipi njia nzuri, na wakiulizwa kwa utulivu wanaichagua. Msomaji wetu naye angeichagua. Kinachomzuia ni kwamba fedha ambazo angeziweka kwa likizo ijayo zinakwenda kulipia likizo iliyopita.

Tuchukue hiyohiyo 1,200, katika sarafu yoyote, tuone kinachotokea. Anayeweka 100 kila mwezi kwa miezi 12 kabla ya safari amelipa 1,200, na habari yake imekwisha. Anayekwenda kwanza kwa kadi inayotoza asilimia 2 kwa mwezi, kisha akalipa kwa miezi 12, atatoa kama 113 na nusu kila mwezi, jumla 1,362 hivi. Ziada ya 162 haitishi, na ndiyo maana watu huipuuza. Lakini wanaolipa kadi kwa mpango wa miezi 12 ni wale ambao wangeweza kuweka akiba vilevile. Akilipa 60 kwa mwezi atachukua miezi 26, na riba itakuwa karibu 348. Akilipa 30, ambayo huenda ikawa karibu na kiwango cha chini kinachotajwa kwenye taarifa ya kadi, atachukua miezi 82, yaani karibu miaka 7, na riba peke yake, kama 1,238, itazidi bei ya safari. Akilipa 24 hatamaliza kamwe, kwa kuwa 24 ndiyo riba ya mwezi mmoja.

Tena hesabu hizo zinachukulia kwamba alikopa mara moja tu, na sikukuu haiji mara moja tu. Anayekopa 1,200 kila mwaka na kulipa 60 kwa mwezi analipa 720 kwa mwaka, hivyo deni lake haliwezi kufanya jingine ila kukua, hata kama hachelewi siku moja na hata kama kila rejesho linamuuma. Msomaji anasema deni lake huvimba na kunywea. Ningependa alinganishe salio la mwezi uleule, tuseme mwezi kabla ya sikukuu, katika miaka mitatu iliyopita. Kama salio hilo linapanda kila mwaka, basi halinywei.

Kutoka katika hali ya kulipia yaliyopita na kuingia katika hali ya kulipia yajayo kuna gharama yake, na sioni watu wakielezwa gharama hiyo waziwazi. Lazima pawepo kipindi ambacho mtu analipia likizo mbili kwa wakati mmoja, ile ya nyuma na ile ya mbele, na kwa kuwa mshahara ni uleule, ile ya mbele itakuwa ndogo. Tuseme msomaji anaweza kutoa 113 kwa mwezi kwa ajili ya mambo haya, na kadi inamdai 1,200. Akipeleka 75 kwenye kadi na 38 kwenye akiba ya likizo, bila kukopa tena, baada ya mwaka mmoja kadi itakuwa imeshuka hadi kama 516, na katika akiba patakuwa na 456. Hiyo 456 ndiyo likizo yake ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili kadi itakwisha mwezi wa nane, na kuanzia hapo 113 yote itaingia katika akiba, kwa hiyo atafikisha karibu 800 kabla mwaka haujaisha. Mwaka wa tatu, kwa kiasi kilekile cha kila mwezi, atakuwa na 1,356, ambayo ni zaidi ya safari aliyokuwa akiikopea. Miaka miwili ya sikukuu za kawaida, baada yake kiasi kilekile kinanunua zaidi kuliko kilivyonunua zamani. Wapo watakaosema miaka miwili ni mingi. Mimi naona ni michache ikilinganishwa na ile 7 ya anayelipa kiwango cha chini.

Kabla sijaondoka kwenye riba, nitaje mitego miwili ambayo hujitokeza sana karibu na sikukuu. Wa kwanza ni mkopo ambao riba yake inakokotolewa juu ya kiasi chote cha mwanzo badala ya salio linalobaki. Mkopo wa 1,200 kwa mwaka mmoja, wenye riba ya asilimia 12 ya namna hiyo, unadai 112 kila mwezi, jumla 1,344. Mkopaji anaamini analipa asilimia 12, lakini kwa kuwa amekuwa akirudisha sehemu ya mtaji kila mwezi huku akitozwa kana kwamba bado anao wote, riba halisi juu ya salio inakaribia asilimia 21 na nusu kwa mwaka. Usilinganishe asilimia na asilimia bila kuuliza zinapigwa juu ya nini. Linganisha jumla utakayorudisha na tarehe za kuirudisha. Wa pili ni mkopo wa siku 30 unaopatikana kwa dakika chache kwenye simu. Kukopa 100 na kurudisha 110 baada ya mwezi kunaonekana ni msaada, na kwa mtu anayekopa mara moja huenda ni msaada kweli. Anayekopa mkopo mpya kila mwezi ili alipe wa zamani, kwa ada hiyohiyo ya asilimia 10, na ada ikawa inaongezwa juu ya deni, atakuwa anadaiwa karibu 314 kwa ile 100 mwaka utakapotimia. Mikopo ya aina hii isitumike kwa sikukuu hata kidogo, na hapo sina sharti wala ubaguzi.

Kuhusu matumizi yenyewe siku za likizo zikifika, msomaji anasema kwamba hata anapopanga vizuri, fedha humponyoka akiwa huko. Hili nalo lina chanzo kinachojulikana. Prelec huyohuyo, safari hii pamoja na Duncan Simester, walichapisha mwaka 2001 jaribio ambalo wanafunzi wa chuo kikuu waliombwa kutaja bei ambayo wangekuwa tayari kulipa kwa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walitaja bei iliyofikia karibu mara mbili ya ile ya walioambiwa watalipa taslimu. Wanafunzi wa chuo kimoja hawawakilishi watu wote, na nisingependa mtu aichukue mara mbili hiyo kama kipimo cha mfuko wake. Lakini mwelekeo wake nauamini. Fedha unayoiona ikipungua hutoka kwa shida kuliko fedha utakayoiona mwezi ujao kwenye taarifa. Kwa hiyo akiba ya likizo ikae katika akaunti yake pekee au katika bahasha, malazi na usafiri vilipwe kabla, na kinachobaki kigawanywe kwa idadi ya siku kabla ya kuondoka. Kadi ya mkopo ibaki nyumbani. Kama hofu ya dharura inamzuia kuiacha, basi ampe mwenzi wake aitunze, ili kuitumia kuhitaji mazungumzo ya watu wawili.

Ufupi wa safari usimvunje moyo. Mwaka 2010 Jeroen Nawijn na wenzake walichapisha utafiti wa Waholanzi watu wazima 1,530, wakilinganisha furaha ya waliokwenda likizo na ya wasiokwenda. Waliokwenda walikuwa na furaha zaidi kabla ya safari, wakati wa kuingojea. Baada ya kurudi, tofauti hiyo haikuonekana, isipokuwa kwa wale waliosema likizo yao iliwapumzisha sana. Sisemi kwamba safari hazina maana, maana siku zenyewe za safari nazo ni sehemu ya maisha na utafiti huo haukuzihukumu. Ninachosema ni kwamba kungojea, ambako hakugharimu chochote, kuna sehemu kubwa ya raha, na likizo iliyowekewa akiba miezi 12 hungojewa miezi 12, wakati iliyokopwa wiki iliyopita hungojewa wiki moja. Na kama kilichowapa watu raha ya kudumu kidogo baada ya kurudi ni kupumzika kwa kweli, basi safari ya mbio iliyojaa ratiba na wasiwasi wa salio ndiyo yenye uwezekano mdogo kabisa wa kuileta.

Zawadi sitazizungumzia sana. Mchumi Joel Waldfogel aliandika mwaka 1993 kwamba wapokeaji wa zawadi za sikukuu, wakiulizwa thamani yake kwao kwa fedha, walitaja kiasi kilicho chini ya bei aliyolipa mtoaji, na upotevu huo aliukadiria kuwa kati ya sehemu moja ya kumi na sehemu moja ya tatu. Wengine walimpinga, wakisema zawadi haipimwi hivyo, na nadhani walikuwa na hoja. Lakini kwa mtu anayekopa ili atoe zawadi hesabu ni mbaya pande zote mbili, kwa maana analipa riba juu ya bei, na mpokeaji anapata chini ya bei.

Linalowashinda watu wengi katika jambo hili halihusu zawadi zenyewe, linahusu kusema. Msomaji anaandika kwamba hawezi kuwaambia jamaa zake kwamba mwaka huu mambo yatakuwa madogo, kwa sababu wanamwona kama mtu mwenye uwezo. Ninamwelewa, ila namwomba apime gharama ya heshima hiyo. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na katika matanga hayo jamaa hawamo. Anayekaa na taarifa ya kadi usiku ni yeye peke yake. Aseme mapema, miezi mitatu au minne kabla, na aseme kiasi badala ya kusema hali. "Mwaka huu nimetenga kiasi hiki kwa ajili ya sikukuu, tupange pamoja tutakitumiaje" ni sentensi ambayo mtu anaweza kuitamka bila kuinamisha uso, wala haimlazimu kueleza anadaiwa na nani. Watoto wenye umri wa kuelewa nao waambiwe, tena washirikishwe kuchagua. Mtoto aliyechagua safari fupi kati ya mbili zinazowezekana hailinganishi na ile ndefu ambayo haikuwezekana. Wiki moja kabla ya sikukuu, maneno hayohayo husikika kama visingizio, kwa hiyo tarehe ya kuyasema ina uzito kuliko ufasaha wake.

Swali la tatu lilikuwa alipe lipi kwanza. Hesabu inasema fedha ya ziada iende kwenye deni lenye riba kubwa kuliko yote, ambalo kwa kawaida ni la kadi, huku mengine yakiendelea kupata rejesho lake la kawaida. Wapo wanaopendelea kuanza na deni dogo kuliko yote ili wapate kulifuta upesi, na kwa muda mrefu wanahesabu waliwacheka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 nchini Singapore uliwafuatilia watu 196 wa kipato cha chini ambao madeni yao yalilipwa na mpango wa hisani, ukaona kwamba walipopunguziwa madeni wasiwasi wao ulishuka na uwezo wao wa kufikiri katika majaribio waliyopewa uliongezeka. Muhimu hapa ni kwamba idadi ya madeni yaliyofutwa ilikuwa na athari kubwa hata pale kiasi cha fedha kilipokuwa kilekile. Akili inaelekea kuhesabu wadai, hata kama mfuko unahesabu riba.

Kwa msomaji huyu, kwa hiyo, ningeanza na rafiki. Deni hilo ni dogo, halina riba, na mwanahesabu angeliweka mwisho, lakini linaweza kulipwa kwa miezi miwili na kumwondolea mdai mmoja. Zaidi ya hapo, ni deni pekee kati ya yote matatu ambalo mdai wake ataziona picha za safari. Benki haijali ulikwenda wapi ilimradi rejesho limeingia. Rafiki anajali, na hatasema, na ukimya wake utamgharimu msomaji zaidi ya riba. Baada ya rafiki, ziada yote iende kwenye kadi, na mkopo wa benki uachwe uende kwa mwendo wake. Akitaka kuulipa mapema, asome kwanza mkataba kama kuna ada ya kufanya hivyo, na kama riba itapungua kweli au imekwisha kupangwa yote tangu mwanzo.

Akiba ya likizo aiweke wapi? Wazo la kuwa na akaunti maalumu ya sikukuu si geni. Mwaka 1909 benki moja ya Carlisle, Pennsylvania, ilianzisha akaunti ambayo wateja waliweka kiasi kidogo kila wiki na kukipokea kabla ya Krismasi, na mfano wake ukaigwa na benki nyingi za Marekani, ingawa faida iliyolipwa ilikuwa ndogo au haikuwepo kabisa. Watu walichokitaka ni kuzuiwa, na waliona ni haki kuzuiwa huko kuwe na bei. Tahadhari ni moja tu, lakini ni kubwa: fedha hizo zikae mahali penye kinga ya kisheria ya amana. Mwezi wa Oktoba 2006 kampuni ya Farepak ya Uingereza, iliyokusanya akiba za Krismasi za familia za kawaida kwa ahadi ya vocha na vikapu vya bidhaa, ilifilisika wiki chache kabla ya sikukuu, na kwa kuwa haikuwa benki, waliokuwa wameweka kidogokidogo mwaka mzima walipoteza sehemu kubwa ya akiba yao. Kikundi cha watu wanaofahamiana kinaweza kuwa salama zaidi kuliko kampuni ya namna hiyo, mradi fedha haikai mikononi mwa mtu mmoja na hesabu inasomwa mbele ya wote.

Yote niliyoyasema yanamhusu mtu anayelipa kwa wakati, kama msomaji anavyodai kuwa. Ikiwa kabla ya likizo kufika atakosa rejesho moja, au akajikuta anakopa hapa ili alipe kule, jibu langu la kwanza linageuka. Likizo hiyo aichukue akiwa nyumbani, fedha ya safari iende kwenye rejesho, na mojawapo ya siku zake za mapumziko aitumie kwenda kwa mkopeshaji na taarifa ya mapato yake, aombe marejesho yapangwe upya. Aende kabla ya tarehe ya malipo kupita, kwa kuwa mkopeshaji huwa na nafasi kubwa ya kukubali kabla deni halijaandikwa kuwa limechelewa kuliko baada ya faini kuanza kuhesabiwa, na aombe makubaliano hayo kwa maandishi, yakiwa na jumla mpya atakayolipa, kwa sababu rejesho dogo zaidi kwa muda mrefu zaidi linaweza kuongeza riba kuliko alivyotarajia.